Shingo ya Dalia

Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliobeba viazi vyenu vya dalia, ua letu la bustani, kwenye ndoo. Viwekeni chini kwanza, tutavifikia.

Tazameni hiki nilichoshika. Kinene, kizito, ngozi safi, hakina kidonda. Mkiniuliza kama kitaota, jibu ni hapana. Hakitaota mwaka huu wala mwaka wowote, maana hakina shingo, ile sehemu nyembamba inayokiunganisha na shina.

Tunaviita viazi kwa mazoea tu. Kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya ardhi, ndiyo maana macho yake yametapakaa mwili mzima. Cha dalia ni mzizi: ghala la chakula, hasa inulini, ambayo ni aina ya wanga, lisilo na jicho hata moja. Macho yako juu, kwenye taji, pale mizizi yote inapokutana na shina la zamani. Hapo kinafanana zaidi na muhogo, ambao mkulima hapandi mzizi wake bali kipande cha shina. Kiazi cha dalia kitakachoota ni kile chenye mwili, shingo isiyovunjika, na kipande cha taji chenye jicho. Niliwahi kupanda kimoja kipofu, nikakingojea msimu mzima. Nilipokifukua nilikikuta kigumu vilevile, kimetoa vijizizi, lakini jani hakuna.

Sasa, kwa nini tuhangaike kuvihifadhi? Dalia asili yake ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati. Jina lilitolewa Madrid mwaka 1791 na Cavanilles, mtaalamu wa mimea wa Uhispania, kumkumbuka Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Kwao kuna majira ya mvua na majira ya ukame. Siku zikifupika mmea hujaza viazi, majani hufa, na kiazi hulala kikingoja mvua. Kinangoja mvua, jamani. Hakikuumbwa kuvumilia barafu. Kimejaa maji, na maji hayo yakiganda hupasua chembe zake. Ukija kukishika baada ya barafu kuyeyuka, ni uji mtupu. Kwa hiyo kazi yetu wakati wa baridi ni kukidanganya kwamba kiko kwao, kwenye ukame.

Sakitu ya kwanza, yaani umande ulioganda, ikiyapiga majani yakawa meusi, usikimbilie kuchimba. Vipe viazi wiki moja au mbili vikomae ngozi, mradi ardhi yenyewe haijaanza kuganda. Funga kibandiko cha jina kabla hujakata kitu, kwa sababu vikishatoka ardhini vyote ni ndugu wa tumbo moja. Kata shina ubakize sentimita 10 hadi 15. Kisha chimba kwa uma wa bustani ukizunguka, umbali wa kama sentimita 30 kutoka shinani, uinue fungu lote kwa chini. Tafadhali, usivute shina! Shingo nyingi huvunjikia hapa, na huoni kitu, maana ngozi inabaki imeshikilia. Utapaki maiti bila kujua.

Shina la dalia lina uwazi ndani kama bomba, na maji yakituama humo yanashuka moja kwa moja hadi kwenye taji. Ligeuze fungu kichwa chini siku chache, mahali pakavu pasipofikiwa na sakitu.

Kuhusu cha kufungashia, watu hubishana mno: maranda, vermikulaiti (punje nyepesi za madini), mchanga mkavu. Sioni sababu ya ugomvi. Chochote kisicholoa wala kukausha kupita kiasi kinafaa. Joto ndilo la kuchunga: nyuzi 4 hadi 10 za Selsiasi, gizani. Kila mwezi fungua uangalie. Kilichoanza kunyauka kinyunyizie maji kidogo. Kilichoanza kuoza kata hadi ufike nyama safi, futa kisu, na kama uozo umefika kwenye shingo, tupa bila huruma.

Ardhi yako ikiwa haigandi chini na haituamishi maji, unaweza kuviacha humohumo chini ya matandazo mazito. Udongo wa mfinyanzi unaokaa na maji, ng'oa tu.

Kugawa je? Ukigawa mara baada ya kuchimba, kisu kinapita kwa urahisi ila macho hayaonekani. Ukingoja baridi iishe, taji ni gumu kama kuni lakini macho yamevimba, mengine yana wekundu. Mimi hungoja. Bora kuumia kiganja kuliko kukata kwa kubahatisha.

Kuviamsha anza wiki 4 hadi 6 kabla ya sakitu ya mwisho. Vilaze kwenye mboji yenye unyevu kidogo, taji likichungulia juu, penye mwanga na joto la nyuzi 18 hadi 20. Halafu weka mbali kopo la maji! Kiazi ambacho hakijatoa mizizi ya kunywa hakina la kufanya na maji isipokuwa kuoza. Viazi vingi hufia hapa, vimeshavuka baridi yote salama, kwa mkono wa mtu mwenye mapenzi mema. Mwagilia ukishaona chipukizi. Kuna vitakavyochelewa wiki kadhaa nyuma ya wenzake. Kama shingo ni ngumu, viache.

Udongo wa nje ukifika nyuzi 15 hivi na sakitu imepita, panda kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, na mti wa kuegemea uchomekwe siku hiyohiyo. Ukiuchomeka baadaye utatoboa kiazi usichokiona.

Mama pale nyuma anauliza kuhusu machipukizi yakizidi. Usiyatupe. Likifika sentimita 7 au 8, likate na kipande chembamba cha taji, ulichomeke kwenye mboji. Litatoa mizizi, na kabla msimu haujaisha litakuwa na viazi vyake.

Haya, leteni ndoo hizo mezani. Tuanze na hilo fungu kubwa: kabla sijalitia kisu, nani anaona jicho?