Tuchore Mto Pangani kwenye Nusu Manila

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi? Niko Moshi, meza nimeitoa kitambaa, na leo tunachora Mto Pangani kutoka milimani hadi baharini. Tafuta nusu manila, penseli, kifutio, rula ya sentimita 30, kalamu ya bluu na kipande cha uzi. Uzi utauona kazi yake mwishoni, usiupoteze.

Kabla hujashika penseli, nikuambie kosa ninalolikuta kwenye madaftari karibu yote. Mtu anachora Kilimanjaro, anaweka theluji juu, halafu anavuta mstari mmoja kutoka kwenye theluji hadi Tanga na kuandika "Mto Pangani". Hapo umekosea mara mbili. Kwanza, maji mengi ya mto huu hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua inayonyesha ukanda wa msitu, ikazama ardhini, ikatokea chini kama chemchemi. Pili, huku juu hakuna mto unaoitwa Pangani. Ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa 1991, iko hapahapa Moshi, lakini simama mtaa wa Pasua umwombe mtu akuonyeshe Mto Pangani, atakutazama mara mbili. Atakuonyesha Karanga, au Rau. Jina la Pangani linazaliwa mbele ya safari, na ramani yetu lazima ionyeshe linazaliwa wapi.

Hatua ya kwanza, vipimo. Kata manila iwe mraba wa sentimita 30. Sentimita moja yetu ni kilomita 10. Kaskazini ni juu. Pima sentimita 5 kutoka juu na 2 kutoka kushoto, weka nukta: hiyo ni Arusha. Toka hapo nenda kulia sentimita 7, usawa uleule, weka Moshi. Msishangae, najua basi linakwenda kama kilomita 80, lakini barabara ina kona zake, rula haina.

Juu ya Moshi, sentimita 3, chora pembetatu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, andika mita 5,895. Juu ya Arusha, kama sentimita moja na nusu, kulia kidogo, chora Meru. Iwe ndogo, lakini usiidharau. Nusu ya hadithi inaanzia kwake.

Hatua ya pili tusiharakishe. Funga macho, panda basi stendi ya Moshi uelekee Arusha, na kila daraja chora mstari mwembamba wa penseli unaoshuka kusini. Unatoka mjini tu, Karanga. Mbele kidogo, Weruweru. Halafu basi linainama kwenye lile bonde, dereva anabadilisha gia, na ukichungulia dirishani unaona miti iko chini yako: hiyo ni Kikafu. Ukipita Boma Ng'ombe unakutana na Sanya. Huu uchore kwa nukta nukta, maana kiangazi unaweza kukuta mchanga unaong'aa na mbuzi wamesimama katikati. Unapita njia panda ya uwanja wa ndege, Kikatiti, unafika Maji ya Chai. Jina halikutungwa bure, yatazame maji yenyewe yalivyo. Mito ya Meru ina madini ya floraidi kwa wingi, na ndiyo maana wengi waliokulia huko wana meno ya rangi ya kahawia. Mtu asiwacheke, ni maji. Endelea: Usa, Tengeru, Nduruma, na ndani ya jiji la Arusha kabisa, Themi.

Simamisha video hapa kama umeachwa nyuma. Unapaswa kuwa na mistari kama vidole vinavyoning'inia.

Sasa viunganishe. Mistari ya Meru inashuka kusini kisha inapinda kulia. Mistari ya Kilimanjaro inakuja kuipokea. Mto unaoibeba yote unaitwa Kikuletwa. Hapa bonyeza penseli kidogo, mstari uwe mnene. Kusini ya Boma Ng'ombe weka duara dogo, Chemka. Mliowahi kuogelea pale mnajua: maji ya samawati, unaona mchanga na mizizi ya mikuyu hadi chini, na vuguvugu lake linakudanganya ukae hadi jioni. Yale maji hayajafika kwa kupita juu ya ardhi. Yametokea chini. Ndiyo ile habari ya chemchemi niliyosema mwanzo, pale unaiona kwa macho.

Kitu kimoja sitakichora, mifongo. Mifereji ya Wachagga iko mingi, inachepusha maji ya mito huko juu kupeleka kwenye migomba na kahawa. Nikianza kuichora manila itakuwa nyeusi. Lakini ujue, maji mengi yanagawanywa kabla mto haujafika tambarare, na tambarare nako kuna miwa ya Arusha Chini na mpunga wa Moshi Chini vinasubiri.

Hatua ya tatu, upande wa mashariki. Kulia kwa Moshi, sentimita 4, chora duara la Ziwa Chala. Liko ndani ya shimo la volkano, na mpaka wa Kenya unalikata. USITOE mstari kutoka Chala. Nimekaza sauti kwa sababu kila mwaka mtu anautoa. Chala halina mto unaotoka juu ya ardhi, maji yake yanapenya chini kwa chini. Lenye mto ni Jipe, chini zaidi: chora ziwa jembamba sentimita 5 kutoka Moshi, kuelekea kusini-mashariki, nalo liko mpakani. Mto Lumi unaliingilia kutoka mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, upande wa Kenya. Mto unaotoka Jipe unaitwa Ruvu. Vuta mstari kwenda magharibi, pokea Himo na Rau njiani.

Wadogo zangu wa Dar, huu siyo ule Ruvu wenu wa Pwani. Ni majina tu yamefanana.

Hatua ya nne. Kutoka Moshi shuka kusini sentimita 5 na nusu. Hapo ni ukuta wa bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Chora ziwa refu linalopanda kutoka kwenye ukuta kuelekea juu kama sentimita 3. Kikuletwa inaingia kwa juu kutoka kushoto, Ruvu kutoka kulia. Wavuvi wa perege wako hapa, na mtambo wa umeme wa megawati 8. Chukua kalamu ya bluu sasa. Chini ya ukuta andika kwa herufi kubwa: PANGANI. Sasa ndiyo una haki ya kuandika.

Kutoka hapo kazi ni rahisi, mstari mmoja. Mto unateremka kusini-mashariki, milima ya Pare ikiwa kushoto kwake, mbuga za Simanjiro kulia. Kumbuka, kushoto kwa mto tunaangalia tunakoelekea, siyo kushoto kwa karatasi. Nchi ni kavu, hakuna kijito cha maana kinachoingia. Chini kidogo ya bwawa tia vijistari vya majani, kinamasi cha Kirua. Kimepungua tangu bwawa lijengwe, kwa sababu mafuriko yaliyokuwa yanakinywesha yanazuiwa juu.

Kutoka kwenye ukuta hadi Korogwe ni sentimita 18 na nusu. Kabla hujafika ingiza Mkomazi, unaokusanya maji ya Pare ya kusini na Usambara magharibi. Hapohapo Korogwe ingiza Luengera, unaopita katikati ya Usambara mbili. Halafu mto unapinda mashariki na kuporomoka: Hale, megawati 21, na Pangani, megawati 68. Ona, maji yaleyale yameshawasha taa mara tatu.

Sentimita 6 kutoka Korogwe unafika baharini. Mji wa Pangani ukingo wa kaskazini, Bweni ng'ambo. Hapa tia vishale viwili, kimoja kinatoka na kimoja kinaingia, maana mto ukipungua nguvu maji ya chumvi yanapanda ndani, na wenye minazi kando ya mto wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Sasa uzi. Ulaze juu ya mstari kuanzia Kibo, pitia Kikafu, Kikuletwa, bwawa, Korogwe, hadi Bweni. Shika ncha, unyooshe kwenye rula. Wangu umetoa sentimita 36, yaani kilomita 360. Mto wenyewe una takriban kilomita 500. Hizo 140 zilizopotea ziko kwenye kona ambazo mkono wangu umezinyoosha, hasa pale Kirua. Pima wa kwako uniandikie hapo chini umepata ngapi. Aliyepata zaidi ya 60 arudi kwenye ile hatua ya vipimo.