Barabara Huanza Kufa Mferejini

Mabibi na mabwana, ndugu wahandisi na wanafunzi wa Bukavu, wengi wenu mmenisikia nikisema neno hili, nami nitalirudia hadi michoro yetu ibadilike: utafiti wa barabara zinazostahimili mabadiliko ya tabianchi uanzie mferejini, si kwenye lami.

Maabarani, kabla ya kupima nguvu ya udongo kwa kipimo cha CBR, kilichobuniwa California kabla ya Vita Vikuu vya Pili, sampuli hulowekwa majini kwa siku 4. Siku 4 tu! Sasa itazameni kanivo, yaani mfereji wa kando ya barabara, iliyozibwa na chupa za plastiki na udongo mwekundu ulioporomoka kutoka mlimani: mvua ikinyesha, kuanzia Septemba hadi Mei, maji hukosa njia, huingia pembeni chini ya tabaka la kokoto, na udongo hukaa umelowa kwa majuma. Gurudumu likipita, maji yaliyonaswa hubanwa na kusukuma chembe laini kupitia nyufa, na yale matope tunayoyakuta juu ya lami asubuhi ndiyo msingi wenyewe unaotoka nje. Lami hubaki ikining'inia, hubonyea, huvunjika. Nasi tunaleta lami nyingine kufukia shimo, na kanivo tunaiacha vilevile. Jambo hili linanikera, kwa sababu McAdam, mjenzi wa barabara wa Scotland, alikwisha kulifundisha mwanzoni mwa karne ya 19: udongo ukitunzwa mkavu utabeba mzigo.

Najua mtaniuliza habari za malori yanayozidisha mzigo. Ni kweli, majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu za Marekani, yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, Illinois, kuanzia 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uzito unaobebwa na ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ukiongezeka mara 2, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Lakini someni matokeo yale hadi mwisho: barabara zile ziliharibika zaidi majira ya kuchipua, barafu ilipoyeyuka na udongo ukalowa, ingawa malori yalizunguka mwaka mzima.

Kuhusu lami inayolainika kwa joto, muda hauniruhusu. Kuhusu mawe ya kutandika, niseme moja: kwenye miteremko mikali kama yetu yanaweza kung'olewa, msingi ukarekebishwa, na mawe yaleyale yakarudishwa. Nanyi mnaoanza utafiti mwaka huu, nawasihi mpime mvua ya dakika na ya saa, msihesabu ukubwa wa bomba la chini ya barabara kwa wastani wa mwezi, kwa kuwa katika milima hii maji hufika barabarani mvua ikiwa bado inaanza.