Onja Maji Kwanza: mazungumzo na madereva wa kirikuu baada ya masika

Ndugu zangu madereva wa kirikuu, hizi pikapu zetu ndogo za mizigo, matajiri wenye magari, na ninyi vijana waosha magari mlioacha ndoo zenu mkaja: habari za asubuhi. Naona wengine mmepaki mizigo ikiwa juu, kwa hiyo sitawaweka sana.

Masika ndiyo hiyo inaaga. Tangu Machi tumepiga tope la Goba na la Kinyerezi, na pale Jangwani sidhani kama kuna mtu humu hajawahi kusubiri maji ya Msimbazi yapungue ndipo avuke. Sasa jua limetoka, na kila penye mpira wa maji kuna foleni ya magari. Gari linatoka pale bodi inang'aa, tairi nyeusi kama lami mpya, ndani kunanukia ndimu. Mimi ni fundi bodi. Kazi yangu ni kukata, kunyoosha na kuchomelea. Na nawaambia, magari mengi ninayoyakata yalikuwa yanaoshwa kila wiki.

Ubaya uko kwenye chumvi. Niruhusuni nianzie mbali kidogo, Japani.

Hizi kirikuu zetu, Suzuki Carry za cc 660, huko kwao ni gari la mkulima na la fundi mdogo. Nyingine zimefanya kazi Hokkaido, kaskazini kabisa. Mji wa Sapporo uko huko, na kwa msimu mmoja wa baridi huangukiwa na theluji ya karibu mita 5. Barabara ikiganda gari linateleza kama sabuni sakafuni, basi wanamwaga chumvi. Maji matupu yanaganda kwenye sifuri, ila yakichanganyika na chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ndipo yagande. Barafu inalainika, gari linapita. Lakini yale maji ya chumvi hayaendi popote: tairi inayarusha juu, yanaingia kwenye chesesi, yaani fremu ya chuma iliyobeba gari, kwenye maungio, nyuma ya madigadi. Mwenye gari anayejua, theluji ikiisha tu, analipeleka likaoshwe chini. Asiyejua analiacha hivyo hivyo, baadaye analiuza, na pengine likanunuliwa na mtu wa Tabata.

Msicheke, mtu huyo ni mimi. Kirikuu yangu ya kwanza niliinunua rangi safi kabisa, hata mkwaruzo hakuna. Mwezi wa sita nikalala chini yake nikaze boliti ya springi. Bisibisi ilinigonga chesesi kwa bahati mbaya tu, ikazama. Niliichomoa, unga wa kahawia ukanimwagikia usoni. Chuma kilikuwa kimebaki ganda, kama biskuti iliyolowa ikakauka. Na mimi ndiye fundi bodi! Nilitazama rangi, sikuinama.

Tuelewane jinsi kutu inavyofanya kazi. Chuma kinahitaji maji na hewa, basi, kutu imepatikana. Chumvi haili chuma yenyewe, kama wengi tunavyosema. Inachofanya ni kuyawezesha maji kupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya chuma. Tena chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo mahali ulipodhani pamekauka bado pana ubichi. Na kutu ikishaota inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana unaona rangi imetuna kama lengelenge. Ukiliona lengelenge, jua huko ndani kazi imeanza zamani.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Kule kwenye baridi kutu inakwenda polepole. Gari likishushwa bandarini hapa, joto hili na unyevu huu wa Dar, ile chumvi iliyokuwa imelala inaamka.

Na sisi tunaiongezea. Wanaobeba samaki kutoka soko la Feri mnanielewa: barafu inayeyuka, maji ya samaki yanapita chini ya ule mpira wa bodi ya nyuma, yanakaa. Wanaolaza magari karibu na bahari, upepo unawaletea chumvi usiku kucha. Lakini kubwa kuliko yote ni maji tunayooshea. Sehemu nyingi za kuoshea magari mjini hapa zinatumia kisima, na visima vingi vya Dar, hasa upande wa pwani, maji yake ni ya chumvi. Chai yake hainyweki! Unalipa hela yako, unapakwa povu, halafu unasuuzwa kwa kitu kilekile ulichokuja kukitoa. Yale matone meupe yanayobaki kwenye kioo yakikauka, mnadhani mengine ni nini?

Kwa hiyo kabla hujampa kijana ufunguo, chovya kidole uonje. Yakiwa ya chumvi, sikwambii uondoke, najua hela na najua muda. Muache aoshe tope, kisha mwisho msuuze kwa maji baridi. Nikisema baridi nasema yale yasiyo na chumvi, ya bomba la DAWASA au ya mvua uliyokinga. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha kirikuu, na nusu ya hayo yaende chini ya gari.

Kuosha kwenyewe anzia chini, injini ikiwa imepoa. Wengi wanaanzia juu, halafu tope la chini linarukia bodi iliyokwisha kuoshwa. Kama tope limekauka kwenye madigadi, lilowanishe kwanza, subiri dakika 10, kisha ulitoe kwa mkono au kijiti cha mti. Donge la tope nyuma ya taa ni sifongo, linashika maji siku nzima huku wewe unaona gari kavu. Pita katikati ya majani ya springi, pita kwenye nafasi kati ya kebini na bodi ya nyuma, kisha pindua mpira wa bodi na uuanike. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibue kwa njiti. Mlango unaochuruzika maji ukiufungua, tayari una kisima ndani.

Presha ya mashine usiielekeze karibu na rejeta, mapezi yake yatalala. Wala usiipige kwenye bearing na wayaringi. Na kirikuu injini iko chini ya siti, kwa hiyo kijana akifunua siti na kumwaga maji, mzuie.

Bodi ya juu sina mengi: kivulini, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga inaondoa nta yote iliyokuwa inakinga rangi, tumieni shampuu ya magari. Ndani, toa kapeti lote. Kulipulizia manukato likiwa bichi ni kumpaka mgonjwa poda. Na kama ulivuka maji marefu, mwambie fundi akague oili ya difu, yaani gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Naam, mzee wangu pale nyuma? ... Oili chafu. Nilijua itakuja. Wazee wetu walipulizia oili chafu chini ya gari na kweli ilizuia kutu kiasi. Lakini inalainisha bushi za mpira, inanasa vumbi, na mvua ikinyesha inashukia mtaroni, mwisho wake Msimbazi. Afadhali rangi ya lami ya chesesi, chuma kikiwa kimesuguliwa na kukauka kabisa. Ukipaka juu ya ubichi umeifungia kutu ndani ya nyumba yake, iendelee kula bila bughudha.

Haya, maneno yametosha. Ile kirikuu nyeupe ya mwisho ni ya nani? Yako, dada? Tunaiomba. Kijana, leta jeki, zile stendi mbili na tochi. Na mtu anionjee hayo maji ya kwenye pipa kabla hatujaanza.