Baba Aliyetoka Nje Mara Mbili

Mhadhara wa Kwaresima kwa waumini, Mjini Unguja

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya toba, na nitaizungumzia, lakini naomba nianze na Mungu kabla ya kuanza na sisi. Kila mwaka tukishapakwa majivu, maneno yetu huwa ni yetu wenyewe: nimeacha nyama, nimeacha soda, sijakosa Njia ya Msalaba hata Ijumaa moja. Ni mema hayo, endeleeni nayo. Na kwa hapa Visiwani, nani afundishwe kufunga? Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, Ramadhani nayo ndiyo kwanza imeingia, tukawa tunafunga mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Ninalotaka tulitazame leo ni jingine. Kabla mimi sijafunga, kabla sijaungama, hata kabla sijajijua kuwa nimepotea, yuko ambaye ameshatoka kunitafuta.

Fungueni Mwanzo, sura ya 3. Adamu na mkewe wameshakula tunda, wamejificha kwenye miti ya bustani. Anayeanza kusema si Adamu. Ni Mungu, anamwita na kumwuliza, "Uko wapi?" Angeweza kunyamaza, akawaacha huko huko vichakani na aibu yao. Hakunyamaza. Na kurasa zote zinazofuata ni yeye yule anayeuliza, kwa vinywa vya manabii, mpaka akaja mwenyewe.

Sasa twende Luka 15. Mchungaji ana kondoo 100, mmoja amepotea, anatoka kumfuata. Mwanamke ana shilingi 10, moja imepotea, anawasha taa na kufagia nyumba. Hayo mawili tunayaelewa upesi, nisiwachoshe nayo. Nataka tukae na la tatu, la yule kijana aliyedai urithi wake baba akiwa hai, akaenda nchi ya mbali akaumaliza wote.

Tuseme kweli juu ya kijana yule: kilichomrudisha ni njaa. Someni maneno yake mwenyewe. Anawakumbuka watumishi wa babaye wanaokula na kusaza, na yeye anakufa kwa njaa. Hakusema amemkosa baba yake. Anakumbuka chakula. Nalisema hili kwa sababu ya maneno ninayoyasikia hapa kwetu kila masika. Vijana wetu wengi wametoka Bara, wako hotelini, Nungwi, Kiwengwa, Paje. Jumapili kwao ni siku ya kazi kama siku nyingine, wageni wanaingia na kutoka, na kanisa linasahaulika mwezi hata mwezi. Mvua kubwa zikianza, wageni wakapungua, baadhi ya hoteli zikafunga, kijana amerudishwa nyumbani bila mshahara, ndipo unamwona benchi la nyuma. Na sisi tunanong'onezana: "Eti leo amelikumbuka kanisa, kazi si imekwisha?"

Ndiyo, kazi imekwisha. Na yule wa Luka 15 naye fedha zilikwisha. Baba yake hakumwuliza umerudi kwa sababu gani. Andiko linasema, "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio." Mzee mwenye shamba na watumishi, mtu wa heshima zake, anakimbia njiani mbele za watu! Kijana alikuwa amejiandalia maneno ya kusema, na mwisho wake ilikuwa aombe afanywe kama mmoja wa watumishi. Linganisheni mstari wa 19 na wa 21. Sehemu ile ya utumishi hakuifikia, baba ameshaita vazi, pete na viatu. Ndugu yangu uliyekuja leo kwa sababu ya shida, usione haya kwamba ni shida iliyokuleta. Umekuja.

Tunapenda kusema Mungu ni mvumilivu, lakini mara nyingi tunamaanisha kwamba hajali, kwamba atanyamaza tu. Sivyo. Katika Luka 13 Bwana anasimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anasema, "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Ndugu zangu wa Pemba hawahitaji kuelezwa hapa. Unapanda mche wa mkarafuu, unasubiri miaka 6, 7, hata 8 kabla hujachuma kikonyo cha kwanza, na miaka yote hiyo huketi barazani ukiutazama: unapalilia, unaukinga na jua ungali mchanga, unaukagua shina kama haujaingiwa na mchwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na waliopanda upya walijua wanaanza miaka hiyo yote tena. Uvumilivu wa Mungu una jembe mkononi. Mauti uliyonusurika, rafiki anayekupigia simu bila kuchoka, neno la mahubiri lililokuchoma ukakasirika: huko ni kupaliliwa. Wala tusifiche kwamba mtunzaji yule aliomba mwaka, hakuomba milele. Kwaresima ni siku 40 ukiacha Jumapili. Tuliopewa tena mwaka huu tumepewa kwa sababu.

Naomba sasa tutazame tulipo. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini limesimama penye soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Sayyid Barghash kwa mkataba na Waingereza. Mwaka huo huo kazi ya kanisa ikaanza chini ya Askofu Edward Steere, na Krismasi ya 1877 wakasali ndani kabla halijamalizika. Watu walipimwa meno pale, wakauzwa. Mimi kila nikipiga magoti pale huwa najiuliza ni wangapi waliopita mahali hapo wakiamini hakuna mtu duniani anayewatafuta.

Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi, na mwaka 1879 alipewa daraja ya ushemasi. Kijana mwingine, si wa wale watano, aliyetoka kwa Wayao, Cecil Majaliwa, naye aliuzwa akiwa mtoto, akasomeshwa katika shule ya misheni Kiungani, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alikwenda kutumika Chitangali, kusini kabisa ya Bara, katikati ya Wayao wenzake. Fikirini mtoto aliyechukuliwa na msafara kwenda pwani, anarudi mtu mzima akiwatafuta watu wake na Injili. Aliyetafutwa amekuwa mtafutaji. Nionavyo mimi hiyo ndiyo toba iliyokamilika: haiishii kwenye kukumbatiwa.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Baba wa Luka 15 alitoka nje mara mbili. Mara ya kwanza kwa mdogo, tunaiimba na kuichora. Mara ya pili karamu imeshaanza, ngoma zinasikika, na kijana mkubwa amerudi kutoka shamba, amekasirika, hataki kuingia. "Basi babaye alitoka nje, akamsihi." Akaacha wageni mezani akaenda kumbembeleza huyu ambaye hajawahi kuondoka nyumbani! Kisha Yesu akanyamaza. Hatuambiwi kama aliingia. Mafarisayo waliokuwa wakinung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi waliachiwa wao wenyewe wamalize, na leo tumeachiwa sisi tulio na funguo za sakristia, tunaoimba kwaya, tunaojua nani hajalipa ahadi yake. Mtu anaweza kuwa mbali na baba akiwa uani kwa baba. Nabii Yoeli, tuliyemsoma siku ya Majivu, anasema "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu," na maneno hayo aliyasema kwa watu waliokuwa na hekalu, makuhani na tarumbeta.

Ijumaa iliyopita wakati wa Njia ya Msalaba kijana mmoja alisimama mlango wa pembeni, na sare ya kazi, begi mgongoni, kofia ameishika kwa mikono miwili. Hakuingia. Tulipofika kituo cha tisa, Yesu anaanguka mara ya tatu, akageuka kuondoka. Mama mmoja mtu mzima, sitamtaja, alitoka kwenye benchi tukiwa tunaimba, akamfuata mpaka nje huku kanga inamdondoka begani. Nilimsikia akimwambia, "Mwanangu, mbona waondoka? Njoo ukae na mimi." Kijana akasema hajasali siku nyingi. Mama akamjibu, "Sikukuuliza hilo," akamshika mkono. Kituo cha kumi walikuwa wamekaa pamoja.

Yule mama hajasomea theolojia, na mimi sina mfano wa Baba yetu ulio bora kuliko huo kuwapa.

Kwa hiyo naomba jambo moja lifanyike kabla ya Jumapili ya Matawi. Kila mmoja amfikirie mtu mmoja ambaye alikuwa akisali hapa na haonekani tena. Mpigie simu, au panda daladala umfuate aliko, hata kama ni Makunduchi. Usiende na lawama, wala orodha ya michango. Mwulize hali yake, kaa, kula naye. Na kama mtu aliyekujia akilini ni wewe mwenyewe, Padre atakuwa kanisani Jumamosi jioni baada ya sala kwa ajili ya wanaotaka kuungama. Usiyejua uanzie wapi, mwambie hivyo hivyo, kwamba hujui uanzie wapi, naye atakusaidia.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.