Damu ya Vena Si Damu Chafu

Ndugu wasikilizaji, njia ya damu mmeijua tangu shule ya msingi, kwa hiyo sitairudia. Nimekuja kwa ajili ya maneno mawili ambayo nimeyapinga miaka mingi na sijachoka kuyapinga: "damu chafu".

Tunawafundisha watoto kwamba mishipa ya ateri hubeba damu safi, yaani yenye oksijeni nyingi, na ya vena damu chafu, yaani yenye oksijeni kidogo. Basi mtazameni mtu anayechangia damu. Amelala, mkono ameunyoosha, sindano imeingia kwenye kiwiko, na mrija unajaa damu nyekundu iliyokolea karibu na weusi. Mshipa ule ni vena. Kama damu ile ni chafu, mbona tunamwongezea mgonjwa mahututi? Hupimwa magonjwa, naam, lakini hakuna anayeitia oksijeni kwanza. Ikishaingia kwenye vena ya mgonjwa, hupita mapafuni ikajichukulia yenyewe. Isitoshe, mtu akiwa amepumzika, damu inayorudi moyoni ingali na takriban robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo. Uchafu uko wapi?

Mtaniambia ni majina tu ya kumrahisishia mtoto. Hayamrahisishii kitu! Akifika kwenye ateri ya mapafu, ambayo damu yake ina oksijeni kidogo, na vena za mapafu, ambazo damu yake imesheheni oksijeni, anapotea, kisha anakariri asichokielewa. Angeambiwa mapema kwamba ateri hutoa damu moyoni na vena huirudisha, asingepotea. Wala asingeshangaa kusikia kwamba mtoto aliye tumboni huletewa oksijeni na vena ya kitovu.

Damu ni ile ile moja. Moyo uliotulia husukuma takriban mililita 70 kwa kila pigo, na ukipiga mara 70 kwa dakika, hizo ni karibu lita 5, yaani karibu damu yote aliyo nayo mtu mzima. Kwa hoja ya namna hiyo, mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba ini, lililodhaniwa zamani kuwa ndilo litengenezalo damu, haliwezi kutengeneza damu mpya kiasi hicho, hivyo lazima ile ile iwe inazunguka.

Vali za vena, yaani vilango vinavyoizuia damu isirudi nyuma, nilizikusudia pia, ila muda umekwisha. Mkifika nyumbani, bonyezeni kwa kidole vena iliyotokeza kwenye mkono, na kwa kidole kingine isukumeni damu kuelekea begani hadi ipite kifundo kidogo cha vali. Kiinueni kidole hicho cha pili: mshipa utabaki umenywea, na hautajaa mpaka mwachilie kile cha kwanza.