Umetoka wapi leo?

Mbukwenyi, wazee wangu, ndugu zangu, na ninyi wanangu wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie maisha ya mwandishi ughaibuni. Nilikaa miaka sita Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na mengi ya miaka hiyo yanafanana na ya kila aliyewahi kuishi huko: baridi, karatasi za viza, kodi ya chumba, vocha inayokwisha mama akiwa katikati ya neno. Hayo mnayajua, nayapita. Nimekuja na habari ya swali moja tu. Nililelewa nalo Mpwapwa, nikalikosa ng'ambo, nikalipata tena siku nilipokuwa siwezi kukanyaga chini.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikaa nje ya tembe lake, upande wa kivuli. Mgeni akija kwa miguu, na siku hizo karibu kila mgeni alikuja kwa miguu, alipewa kigoda na kata ya maji, kisha akaachwa anywe. Hakuna aliyemsemesha mpaka airudishe ile kata. Ndipo bibi aulize, "Umetoka wapi leo?" Jibu halikuwa jina la kijiji. Mgeni alianzia pale alipoamkia: njia ya Gulwe ina maji au haina, mtama wa watu fulani umeshika au umekauka, nani amefiwa, mnadani ng'ombe wamepanda bei au wameshuka. Lilikuwa jambo la nusu saa na zaidi. Bibi alisikiliza kwa ukali. Ukiruka kijiji, anakurudisha.

Sasa sikilizeni kitenzi. "Unatoka wapi?" na "Umetoka wapi?" Ni tofauti ya silabi moja, lakini la kwanza linataka asili yako, la pili linataka siku yako. Newcastle niliulizwa la kwanza karibu kila wiki, dukani, kwenye basi, kazini. Nikijibu Tanzania, mtu anatabasamu kwa wema wake wote na mazungumzo yanaishia hapo. Silaumu. Waliniuliza walichotaka kujua. Ila la pili hakuniuliza mtu, na kwa miezi kumi na minne nilikaa mezani kila usiku na daftari langu bila kupata ukurasa hata mmoja wa kuuhifadhi. Nilidhani Kiswahili kinanikauka mdomoni. Leo naamini nilichokosa ni mtu wa kuniuliza.

Katika miezi hiyo nilikuwa namfikiria sana Mtoro bin Mwinyi Bakari, yule wa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi za pwani tunayasoma mpaka leo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akaoa Mjerumani, na mwaka 1905 akapanda meli pamoja na mkewe warudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. Mtu amefika bandarini kwao, kisha anarudishwa alikotoka. Akaishi Ujerumani mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Kila nikilisoma jambo hili nafunga kitabu kwanza, nasimama.

Nirudi kwenye miguu yangu. Wenzangu wawili wa kazini walinialika tutembee siku moja kwenye njia inayofuata ukuta wa Hadrian. Huyo ni mfalme wa Kirumi aliyeamuru ukuta ujengwe kuanzia mwaka 122, kukata kisiwa kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Siku hizi kuna njia rasmi ya waenda kwa miguu, ilifunguliwa mwaka 2003, kilomita 135 kutoka Wallsend hadi Bowness-on-Solway. Wao walitaka kipande cha kwanza tu. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki nzima, nikasema nitaimaliza yote.

Tulipatana tukutane Wallsend saa mbili asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Machi. Jumapili hiyo, ndugu zangu, Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Sisi tuliokulia mahali ambapo jua na saa havijawahi kugombana, jambo hilo halituingii akilini mpaka litupate. Saa yangu ya mkononi ilisema saa mbili kasoro dakika tano. Pale kituoni ilikuwa karibu saa tatu. Simu nilikuwa nimeizima kutunza chaji. Nilipoiwasha nikakuta ujumbe: wamesubiri, wamedhani nimeghairi, wametangulia. Nikaanza kuwakimbiza peke yangu, na buti mpya.

Buti mpya! Bibi asingeniruhusu kutoka nyumbani. Kufika Heddon-on-the-Wall, yapata kilomita 24, wale wenzangu walikuwa wameshapanda basi kurudi mjini, na mimi visigino vyote viwili vilikuwa vimetoka malengelenge, moja limepasuka, soksi imegandana na nyama. Nikabisha hodi kwenye nyumba ya wageni niliyokuwa nimeweka nafasi. Mama mwenye nyumba, mtu mzima sana, aliona ninavyokanyaga, hakusema neno. Akaniketisha jikoni, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akanipa chai. Akangoja ninywe. Nilipoweka kikombe chini akaniuliza nimetoka wapi leo.

Leo. Alisema leo.

Nikaanza Wallsend. Nikamweleza mto Tyne na madaraja yake, mbwa aliyenifuata, mvua ya dakika kumi, wenzangu niliowakosa kwa sababu ya saa. Alinikatiza mara mbili: pale darajani uliona maji yamejaa au yamepwa? Basi nikajikuta natoka Wallsend naingia Gulwe, natoka Gulwe naingia kwa bibi. Maji ya beseni yalipoa, akayabadilisha. Usiku ule niliandika kurasa tisa, kwa Kiswahili, bila kufuta.

Siku ya pili sikutembea, niliuguza miguu. Siku ya tatu nikaendelea taratibu, viatu nimevilegeza kamba. Nilipofika katikati ya njia nikateremka kusini kidogo kwenda Vindolanda, ilipokuwa ngome ya askari kabla hata ukuta haujajengwa. Hapo, tangu mwaka 1973, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mti, zimedumu kwa kuwa udongo ule ni mbichi na hauingizi hewa. Barua za watu waliokaa mbali na kwao! Mmoja ameandikiwa kwamba ametumiwa jozi za soksi, jozi mbili za makubadhi na chupi mbili. Zina umri wa karibu miaka 1,900. Nilisoma tafsiri yake nikiwa nimesimama upande upande kwa ajili ya kisigino, na sijawahi kusoma fasihi ikaniingia kama ile. Aliyefunga mzigo ule alijua miguu ya mwenzake inateseka.

Huko juu ukuta unapita kwenye majabali, na njia inakatisha mashamba ya watu. Sheria inamruhusu mpita njia. Mnapanda vingazi vya mbao kuvuka uzio. Siku ya tano nikakuta watu wanne wamesimama getini hawathubutu kuingia, kwa sababu ng'ombe na ndama wao walikuwa wamelala njiani. Hofu yao ina sababu, maana ng'ombe mwenye ndama ameshawahi kuumiza watu huko, hasa wenye mbwa. Na wao walikuwa na mbwa. Nikawaomba wamfunge kamba, wakae nyuma yangu. Nikapiga ule mluzi wa kuchungia, mrefu, unaoshuka mwishoni, nikazunguka kwa upande wa juu ili mama na ndama nisiwatenganishe. Ng'ombe wakainuka, wakatupisha. Nilitembea na watu wale mpaka jioni, na hawakuniuliza natoka nchi gani. Waliuliza mluzi ule nilifundishwa na nani. Mjomba wangu alifundisha watoto wengi kuchunga. Siku hiyo jina lake lilitajwa juu ya majabali yale, na nilifurahi mno.

Karibu na mwisho wa njia kuna kijiji kinaitwa Burgh by Sands. Katika karne ya tatu kilikuwa na kikosi cha Wamori, askari kutoka Afrika Kaskazini. Maandishi ya jiwe bado yanawataja. Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa nikawaza: nani aliwauliza wametoka wapi leo?

Hapo ndipo nilipoanza kutamani kurudi, na kurudi kwenyewe kulikuwa na kazi. Maana sisi tuliozaliwa hapa katikati ya nchi tunaishi juu ya njia kubwa kuliko ile. Njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, kiasi cha kilomita 1,200, ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali ndipo iingie Ugogo. Marenga Mkali hapakuwa na maji ya kunywa. Msafara ulitirikeza: unaondoka mchana, unalala nyikani kwa kiu, kesho yake unakimbilia visima. Wazungu waliopita wamejaza madaftari yao malalamiko juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Mimi naiona hongo ile kama bei ya maji katika nchi kame, na sijui kwa nini tuone haya kusema hivyo. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe au mzigo wa nguo, yeye alisema nini jioni alipoutua? Aliulizwa, nina hakika, maana ndiyo desturi yetu. Hakuandikiwa.

Kwa hiyo sasa natembea hapa. Mwezi uliopita nilitoka Mpwapwa alfajiri kwa miguu kwenda Chunyo, na daftari, na buti zilezile, siku hizi laini kama kitambaa. Nikaingia uani kwa bibi mmoja, nikaamkia. Akanipa kigoda na maji, yana chumvi kidogo ya kwao. Nikanywa, nikarudisha kikombe. "Umetoka wapi leo, mwanangu?" Nikaanza kumsimulia, na daftari liko wazi magotini. Nilipofika mahali nilipovuka mto, akaninyooshea mkono kunisimamisha.

"Ule si mto," akasema. "Mto una maji. Ule ni korongo."

Nikafuta mto, nikaandika korongo, nikaendelea kumweleza.