Kichwa cha Baraka na Upelelezi wa Shangazi

BARAKA: Zuhura, leo kipindini ongea taratibu. Kichwa bado kinauma.

ZUHURA: Bado? Si ile mechi ya maveterani ya mwezi uliopita?

BARAKA: Ndiyo hiyo. Kona imepigwa, nimeruka, kipa wetu naye karuka, tukakutana vichwa, nikapata mtikisiko wa ubongo. Jumanne nimekwenda kwa fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, akanivalisha kipima mapigo ya moyo, akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Kila dakika anaongeza mwinuko: "Maumivu ni ngapi kati ya kumi?" Kichwa kilipoanza kugonga akasimamisha, akaandika mapigo yalipofikia. Mazoezi yangu ya nyumbani yasivuke asilimia 80 au 90 ya hapo.

ZUHURA: Kipimo hicho ni cha Buffalo, Marekani, cha watafiti kina John Leddy. Mwaka 2019 walitoa utafiti wa vijana 103 waliopata mtikisiko wa ubongo michezoni. Waliopewa mazoezi mepesi ya moyo walipona kwa takriban siku 13, wa kunyoosha viungo tu siku 17. Kufungiana gizani wiki nzima kumepitwa na wakati. Mkutano wa wataalamu Amsterdam, 2022, ulishauri upunguze shughuli siku moja au mbili, halafu uanze kutembea.

BARAKA: Kamwambie shangazi.

ZUHURA: Kafanya nini tena?

BARAKA: Usiku ule nilipoumia, daktari ameshanipima, kasema nilale, mtu awe karibu tu. Shangazi kaapa silali. Nikisinzia, natikiswa: "Baraka! Rais wetu nani?" Najibu. "Leo siku gani?" Najibu. Kufika saa tisa usiku maswali yamegeuka: "Sufuria langu kubwa, ule msiba wa babu, nani aliondoka nalo?"

ZUHURA: Usiniambie ulijibu.

BARAKA: Nilikuwa nusu usingizini! Nikamtaja mke wa kaka.

ZUHURA: (anacheka) Jamani! Mwanamke katumia ugonjwa wa mtu kufungua jalada la sufuria!

BARAKA: Asubuhi alikuwa mlangoni kwao. Hawasalimiani mpaka leo.

ZUHURA: Huyo polisi wamwajiri. Haya, fizio alisema nini tena?

BARAKA: Hapo ndipo tuliposhindana. Eti nimwone na mwanasaikolojia. Mimi nikigeuza shingo dunia inahama, Zuhura. Shida ni shingo na sikio la ndani. Nafanyishwa kukazia macho kidole gumba huku nazungusha kichwa. Mwanasaikolojia atanishikia kidole?

ZUHURA: Daladala umeacha kupanda. Uwanjani huendi hata kutazama. Kichwa kikiwa kizito kidogo unajifungia. Mwili ukikaa bure unazidi kudhoofu, ukisimama kizunguzungu, unaogopa, unakaa tena. Mazoezi ya shingo yataitoa hofu hiyo?

BARAKA: Kwa hiyo najifanya?

ZUHURA: Nani kasema? Mwanasaikolojia anakaa na wewe mnapanga: leo kituo kimoja cha daladala, kesho kutwa viwili. Mnaangalia na usingizi. Na fizio anajua mlichopanga, asikuzidishie. Wote wawili, tangu mwanzo.

BARAKA: Wengi wanapona ndani ya mwezi bila hayo. Mwili kwanza. Ukigoma, sawa, nipeleke. Ukimpeleka mtu mapema anasikia "una wazimu", na mazoezi yenyewe anaacha.

ZUHURA: Na wewe mwezi umekwisha.

BARAKA: Mashine nimepanda Jumanne, dada! Nipe nafasi.

ZUHURA: Ukisubiri mwili ugome, hofu imeshajenga nyumba.

BARAKA: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali. Nitamtuma shangazi akuulize saa tisa usiku.

BARAKA: Atauliza habari za mwiko sasa!

ZUHURA: Mwiko ulikwenda na sufuria?

BARAKA: Sisemi mbele ya maikrofoni. Yule fundi mitambo ni binamu yao.

ZUHURA: Binamu mwenyewe anatuonyesha dakika moja. Na nilikuwa na mambo matano ya kuwasomea wasikilizaji!

BARAKA: Soma moja.

ZUHURA: La hospitali basi. Aliyegongwa kichwa akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu yakizidi, mboni za macho zisilingane, au haamki, mkimbizeni hospitali. Hapo msingoje fizio wala...

BARAKA: ...mwanasaikolojia.

ZUHURA: Umeona unavyochomekea?

BARAKA: Manne yaliyobaki?

ZUHURA: Wiki ijayo tuna mgeni wa bima ya magari. Zima, binamu.